Mkwe Kwenye Kikapu

Kisumu,
22 Novemba 1971

Wifi yangu Persis,

Nakusalimu wewe, shemeji Ombati, Kwamboka na wadogo zake wote. Huku joto limezidi mpaka siagi tunaila kwa kijiko. Kaka yako Momanyi ni mzima, bado yuko ofisi ya reli, na amenenepa kidogo shingoni. Watoto wamefunga shule. Mong'ina amekuwa wa nne darasani. Onchiri hakusema amekuwa wa ngapi, na sisi hatukumlazimisha.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Tulikubaliana watoto wakae kwako Desemba hii. Wewe unajua kazi yangu ni kufundisha watoto wadogo. Mwezi huu tulikuwa na semina ya walimu hapa mjini, tukaambiwa kwamba mtoto anayekaa likizo nzima bila kushika kitu hurudi shuleni akiwa amesahau hata penseli inaandika upande gani. Tena si mtoto peke yake. Jamaa nzima, baba na mama wakiwemo, inafaa ifanye vitu kwa mikono pamoja, watu waulizane maswali na kucheka.

Kwa hiyo nimewapa watoto ratiba. Wiki ya kwanza ni udongo. Ya pili ni kusuka. Ya tatu, na hiyo ndiyo kubwa, jamaa itengeneze kitu kimoja kinachofanya kazi. Si pambo, wifi. Kitu kinachofanya kazi. Mwisho wa likizo nitajitahidi kuja kuona.

Tafadhali shemeji asiachwe nje. Najua ni mtu wa shughuli nyingi na maneno machache, lakini semina ilisema akina baba ndio wanaohitaji zaidi.

Nimesikia pia kwamba mzee Onsongo na mwanawe, yule mwalimu Okemwa, watakuja kwenu kumposa Kwamboka. Furaha iliyoje! Sidhani ratiba yangu itaingilia mambo hayo.

Ni mimi wifi yako,
Benter

*

Nyamache,
9 Desemba 1971

Wifi Benter,

Hujambo? Sisi tupo, mvua ipo, majani ya chai yapo, na mikono ndiyo haitoshi. Mama kule Itumbe ni mzima. Kila Sabato ananiuliza kama Momanyi bado anakula samaki pamoja na kichwa. Mimi humwambia sijui.

Watoto wako walifika salama, na ratiba ilifika ikiwa imefungwa kwenye nailoni kama cheti cha ubatizo. Mong'ina alimsomea Ombati akiwa amesimama na jembe begani. Ombati alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nashika vitu kwa mikono tangu nizaliwe, na sijawahi kuambiwa ni likizo." Akaenda shambani.

Udongo tulichimba kando ya mto. Kwamboka alifinyanga chungu kizuri. Onchiri wako alifinyanga ng'ombe mwenye miguu sita. Nikamwuliza mbona sita, akasema huyo ng'ombe anatembea. Ombati alikuwa amekaa mbali, anatutazama kama karani wa chai anayetafuta majani mabovu. Baadaye alisogea, akasema anarekebisha pembe tu. Wifi, kufika jioni alikuwa na ng'ombe, ndama, na mtu anayekama, na akakataa chakula mpaka huyo mtu apate masikio. Tulipochoma, yule mkamaji alipasuka kichwa. Ombati hakuongea mpaka kesho yake.

Kusuka nako kulikuwa hivi. Mvua ilitufungia sebuleni, tukaanza kikapu kimoja cha watu wote. Kila mmoja alikataa kuwa wa kwanza kuacha. Tulisuka, tukasuka. Kilipokwisha tukagundua kwamba ni kipana kuliko mlango. Ombati alibomoa fremu ya mlango ili kitoke. Sasa mlango tunafunga kwa blanketi, na kila mpita njia anauliza kama tumehama.

Tangu kikapu kitoke nje, Ombati anakizunguka akiuliza, "Hiki kitafanya kazi gani?" Mto umejaa, daraja letu la magogo limechukuliwa na maji, na majani ya chai hayavuki kwenda kituoni upande wa barabara. Jana amefungua baiskeli yake yote, kipande kwa kipande, akaviweka juu ya meza yangu ya chakula. Sikumwuliza anataka kufanya nini. Nakuuliza wewe.

Wageni wa Kwamboka watakuja Jumapili, siku moja baada ya Krismasi. Niombee.

Wako,
Persis

*

Kisumu,
16 Desemba 1971

Wifi mpendwa,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzangu, na mmoja alilazimika kutoka nje kupumua. Asante kwa kuwatunza watoto. Hapa tu wazima.

Kuhusu baiskeli: usimzuie shemeji hata kidogo! Hiyo ndiyo roho ya ratiba. Akikuuliza swali, wewe usimpe jibu, mwulize swali jingine.

Momanyi anakusalimu. Angeandika mwenyewe ila kwa sababu ya mkono. Tafadhali usimwambie Mama. Si ugonjwa na hauumi. Ni kwamba tu kwa sasa mkono hauonekani.

Sidhani nitaweza kuja kuwachukua watoto kama nilivyoahidi. Mambo ya hapa yanahitaji nikae karibu.

Krismasi njema kwenu nyote.

Benter

*

Nyamache,
28 Desemba 1971

Wifi Benter,

Salamu. Krismasi mwaka huu imeangukia Sabato, kwa hiyo tuliimba kanisani tangu asubuhi na wapishi walikuwa wamemaliza kazi Ijumaa. Watoto walikula vizuri. Mvua imepungua. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Nieleze, mkono hauonekani maana yake nini?

Wageni wetu walikuja Jumapili. Wamekwenda. Chakula kilitosha.

Kama hapo Kisumu kuna anayeuza kiatu kimoja cha mwanamume, cheusi, cha mguu wa kulia, namba kumi, nijulishe mapema.

Ombati atawaleta watoto mwenyewe shule zikikaribia kufunguliwa. Wakikusimulia jambo lolote, kumbuka kwamba ni watoto.

Wako,
Persis

*

Kisumu,
8 Januari 1972

Wifi yangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu. Watoto wamefika wakiwa wanene na wachafu, na Onchiri anaita kila kitu kwa Kigusii, hata mimi. Nashukuru sana kwa ndizi na kwa kuku, ingawa kuku alitoroka stendi na sasa ni wa serikali.

Shemeji Ombati alinikabidhi watoto nikiwa bado nainua mkono kumsalimu. Nikamwambia, "Karibu nyumbani unywe chai." Akasema, "Gari linaondoka." Nikamwambia gari lenyewe ndilo limefika tu. Akapanda lilelile, akakaa ndani peke yake, akitazama mbele. Mpaka naondoka na watoto, dereva alikuwa hajarudi kutoka kula.

Nikajua kuna jambo.

Wifi, nyumbani sikuhitaji kuuliza. Mong'ina alifunga beseni kwenye kamba ya nguo, akamweka Onchiri ndani na kofia ya baba yake, akaniambia, "Huyu ni mzee Onsongo." Kisha akaivuta kamba. Onchiri akiwa hewani aliinua mkono na kuanza kuhutubia. Kamba ilikatika akiwa bado anahutubia. Hakuumia, lakini beseni sasa ni la kulishia bata.

Sasa niambie kweli kabisa. Je, ni kweli mzee wa kanisa, baba ya kijana anayeposa, alining'inia juu ya mto kwenye kile kikapu? Ni kweli alianza kuposa akiwa hukohuko? Na Kwamboka anasemaje? Tangu juzi silali vizuri. Nikifumba macho naiona ratiba yangu. Kama ni mimi niliyevunja ndoa ya mtoto wetu, niambie, nijue pa kuuweka uso wangu.

Ya mkono tutaongea siku nyingine.

Wako mwenye wasiwasi,
Benter

*

Nyamache,
23 Januari 1972

Wifi Benter,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na bata pia. Sisi hatujambo. Mlango umerudishwa. Mama alikuja kutoka Itumbe akakaa siku chache, akauliza kuhusu Momanyi, nikabadilisha mazungumzo.

Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nacheka, kisha nalia, na karatasi inaloa. Leo nitakuambia yote.

Ombati alikuwa amefunga waya mnene wa ua kutoka mti wa bluugamu wa upande wetu mpaka ule wa upande wa barabara. Kikapu kinaning'inia kwenye waya, na kamba inakivuta ikizunguka kwenye magurudumu ya baiskeli, moja juu ya kila mti. Yeye anakaa chini na kuzungusha pedali. Wifi, kilifanya kazi! Majani ya chai yalivuka. Majirani walileta yao. Mbuzi alivuka, akatua upande wa pili amesimama kama diwani. Ombati alianza kutembea kwa madaha, akawa ananiuliza maswali halafu hangoji jibu.

Jumapili ile wageni walifika upande wa barabara: mzee Onsongo na suti yake nyeusi, Okemwa, na wajomba wawili. Daraja hakuna. Tulikuwa tumewatumia habari wapite njia ya mbali, lakini mzee alikuwa na viatu vipya na hakutaka matope. Akauliza kwa sauti, "Hicho chombo kinabeba nini?" Ombati, badala ya kunyamaza, akajibu, "Kinabeba chochote!"

Mimi nilipiga kelele, "Mzee, usiingie!" Yeye alifikiri namkaribisha. Akanipungia mkono, akaingia.

Ujue mzee Onsongo si mtu mdogo. Alivuka vizuri mpaka katikati. Hapo waya ukalegea, kikapu kikashuka, kamba ikaruka kutoka kwenye gurudumu la juu. Mzee akabaki ananing'inia, miguu imetoboa kikapu chini, viatu vinagusa maji. Ombati alishika mwisho wa kamba kwa mikono miwili. Akiuachia, mgeni anakwenda. Kwa hiyo hakuweza kupanda mti, na wajomba walikuwa ng'ambo, wanaomba.

Mzee naye, ili asidharaulike, akaona afanye tu kilichomleta. Akakohoa, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Wenye boma, tumekuja kwenu kwa jambo la heri!"

"Karibuni sana, mzee!" Ombati akaitika, jasho linamtiririka. "Keti, upumzike!"

"Nimeketi!"

"Habari za safari?"

"Ilikuwa njema mpaka hapa!"

Wakati huo Okemwa, aliyekuwa ukingoni, aliona maji yanapanda kwenye suruali ya baba yake. Akajitosa mtoni na shati lake jeupe na tai, akaishika miguu ya baba ili aiinue. Wifi, huyo kijana hajui kuogelea. Alichofanikiwa kukishika ni kiatu. Kikatoka. Maji yakakichukua kiatu, na yakamchukua yeye, akaenda anapiga maji nyuma ya kiatu mpaka akapotea kwenye kona ya mto. Tukamsikia akisema, "Nakiona! Nakiona!"

Hapo ndipo Kwamboka alipotoka jikoni. Alitakiwa akae ndani mpaka aitwe, kama desturi. Alikuwa amevaa gauni alilojishonea kwa siku ile. Akalikunja, akalifunga kiunoni, akapanda bluugamu mbele ya wakwe zake huku mimi nimefunika macho kwa mwiko. Amezoea kurudisha mkanda wa cherehani, kwa hiyo gurudumu halikumsumbua. Akairudisha kamba, akapaza sauti, "Zungusha, Baba!" Ombati akazungusha. Mzee akatua kwetu kama gunia la mahindi, amevaa kiatu kimoja.

Akauliza, "Huyo wa juu ya mti ni nani?"

Ombati akasema, "Ndiye mwenyewe."

Mzee aliingia ndani. Alikula, akashiba, akaomba, akavaa gambuti za mpira za Ombati, akarudi kwao kwa njia ya mbali.

Okemwa alirudi jioni, ameloa, ametapakaa matope mpaka nyusi, ameshika kiatu juu kwa fahari. Kilikuwa kiatu cha mtu mwingine. Cha kahawia, tena cha mwanamke. Kwamboka alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. Okemwa akakitazama kiatu, akakiweka juu ya jiwe taratibu, akaondoka.

Tangu hapo hatujasikia neno kutoka kwa akina Onsongo. Kanisani mzee hukaa mbele. Namwona kisogo tu, na kisogo hakisemi kitu. Kwamboka anashona kuanzia asubuhi mpaka usiku. Ombati amekishusha kikapu, kuku wanalala humo. Hata mimi nimeacha kumkasirikia, maana siku hizi hata jembe analichukua bila kunyanyua macho.

Usijilaumu sana. Kidogo tu.

Wako,
Persis

*

Kisumu,
6 Februari 1972

Wifi,

Poleni. Nilisoma barua yako nikacheka hadharani na kulia chumbani. Nikitaka kumwandikia mzee Onsongo kumwomba radhi, itasaidia au itaharibu? Nijibu haraka, maana nimeshaandika mara nyingi na kuchana.

Na kwa kuwa umeniambia yako, hii hapa yangu. Wiki ya udongo nilimshirikisha Momanyi pia, asibaki nyuma ya watoto. Aliingiza mkono kwenye mtungi wa marehemu mama yangu aone umefinyangwaje kwa ndani. Mkono ukakataa kutoka. Mimi nikakataa kuvunja mtungi. Alikwenda kazini nao, umefunikwa kwa koti. Akapiga mihuri kwa mkono wa kushoto, na abiria wakampa pole ya kuvunjika. Tulijaribu sabuni na mafuta ya samli. Siku moja alilala kwenye kiti, mkono ukalegea, mtungi ukatoka wenyewe ukabingiria mpaka chini ya kitanda. Mtungi ni mzima. Momanyi pia.

Benter

Dada, ni mimi Momanyi, naandika kwa mkono wangu. Ni kweli. Mama asijue.

*

Nyamache,
5 Machi 1972

Wifi Benter na kaka yangu Momanyi,

Nawasalimu nyote wawili, na mkono pia nausalimu. Sisi tu wazima. Chai imechipua vizuri baada ya mvua, na wanaume wa hapa wamelaza magogo mapya mtoni.

Usimwandikie mzee Onsongo. Sikiliza kilichotokea.

Wiki iliyopita nilikutana na mke wake sokoni hapa Nyamache, kwenye ndizi. Nilitaka kujificha, lakini naye nilimwona anajificha. Tukagongana nyuma ya mashada ya ndizi. Ikabidi tusalimiane.

Nikamwambia, "Mama, tumewakosea. Tunangoja neno lenu."

Akashika kifua. "Neno letu? Sisi ndio tunangoja lenu!"

"La nini?"

"Mzee wangu tangu siku ile hana habari nyingine. Kila mgeni akija anaambiwa juu ya msichana aliyepanda mti akamwokoa. Mpaka mchungaji amechoka. Lakini kijana amekataa tuje tena. Anasema msichana alimcheka, na mtu akishakucheka hivyo, jibu umelipata."

Nilirudi nyumbani mbio, hata ndizi nikaziacha. Kwamboka alikuwa kwenye cherehani. Nikamwuliza, "Wewe ulimcheka yule kijana?"

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akasema, "Nilicheka, Mama. Sikumcheka."

"Kuna tofauti gani?"

"Alijitosa kwenye maji ya kumzidi kichwa kwa ajili ya baba yake, hajui hata kupiga mkono. Akarudi na kiatu cha mwanamke, amefurahi. Ningefanya nini, nipige magoti? Nilicheka kwa sababu nilimpenda pale pale. Nikangoja arudi aniulize. Hakurudi. Na mimi sijui mahali pa kupeleka jibu la swali ambalo sijaulizwa."

Ujumbe niliupeleka mwenyewe kwa mama yake Okemwa. Sikuupamba. Nilisema tu kwamba msichana anangoja kuulizwa.

Leo ni Jumapili. Nimekaa mlangoni nachambua mboga, na barua hii iko pajani kwa sababu sitaki kusahau hata kidogo. Okemwa amekuja peke yake. Amesimama ukingoni, upande wa barabara, na shati lile jeupe, sasa ni la rangi ya chai. Ametazama magogo mapya. Yameloa, yanateleza, na mto bado una nguvu. Ameweka mguu, ameutoa.

Kwamboka ameshuka mpaka ukingo wetu. Nimewasikia wote wawili kwa sababu mto unawalazimisha kupaza sauti.

Okemwa amesema, "Nina swali!"

"Vuka uniulize!"

Ametazama tena magogo. Halafu amesema, na sauti haikutetemeka, "Naogopa. Sijui kuogelea!"

"Najua! Nilikuona!"

"Basi nifanyeje?"

Kwamboka amevua viatu vyake akavishika mkononi. "Kaa hapo hapo," amesema. "Nakuja mimi."

Amevuka, wifi. Amekwenda juu ya magogo bila kutazama chini, na alipokaribia, Okemwa amepiga magoti kwenye matope akamnyooshea mkono, ingawa msichana hakuuhitaji. Ameushika hata hivyo.

Nimewaita waje kula. Ombati ametoka nyuma ya nyumba akaniambia ninyamaze. Mvua imeanza, nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa, na wale wawili bado wako ng'ambo, hakuna hata mmoja anayesogea.

Wako,
Persis